Saa 13 na dakika 20 kwa mwaka: hesabu ya pikipiki za traiali, za zamani na za leo

Chukua mwanachama wa klabu ya kawaida kaskazini mwa Uingereza, anayekwenda mashindanoni Jumapili 20 kwa mwaka. Kila Jumapili klabu imetenga vipande 10 vya njia katikati ya mawe, matope na mizizi, na kila kipande kinapitwa mara 4. Hiyo ni mipito 40. Mpito mmoja unachukua kama dakika moja, pengine pungufu. Dakika 40 kwa siku, mara 20, ni dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20. Kuamka alfajiri mwaka mzima, kufunga pikipiki kwa mikanda ndani ya gari, kufua nguo zilizoganda matope na kununua matairi, yote hayo ni kwa ajili ya saa hizo 13 na kitu.

Nimeziendesha pikipiki hizi kwa miaka kadhaa, mpya na za zamani, na kila nikipiga simu nyumbani shemeji yangu, fundi wa bodaboda, huniuliza swali lile lile: "Shemeji, kitu hicho hakina kiti, hakibebi abiria, hakibebi hata kreti ya soda. Kinakula pesa ngapi?" Swali hilo linastahili jibu la kalamu na karatasi. Nitatumia pauni kwa sababu mchezo huu ulizaliwa Uingereza na bei ninazozijua kwa mkono wangu ni za huko, na pale inapofaa nitageuza kwa shilingi 170 za Kenya kwa pauni moja.

Kwanza, mchezo wenyewe. Traiali si mbio. Hakuna anayemfukuza mwenzake, na mwendo ndani ya kipande mara nyingi hauzidi wa mtu anayetembea. Kinachopimwa ni mguu. Ukipita kipande chote bila kugusa chini unapata 0. Ukigusa mara moja ni alama 1, mara mbili ni 2, mara tatu au zaidi ni 3. Ukianguka au ukitoka nje ya mpaka ni 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Mashindano ya Siku Sita ya Scotland, yaliyoanza mwaka 1909 na ambayo siku hizi makao yake ni mji wa Fort William, yana vipande 30 kwa siku. Kwa siku 6 ni vipande 180, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza alama 900. Mshindi hupoteza sehemu ndogo sana ya hizo kwa wiki nzima, na kati ya kipande na kipande amevuka vilima na mabwawa ya matope, karibu muda wote akiwa amesimama juu ya vikanyagio.

Tuanze na uzito, maana huko ndiko pesa nyingi ya mchezo huu imekwenda.

Mwaka 1964 Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast na bingwa wa Uingereza, alikuwa akiendesha Ariel HT5 ya cc 500, silinda moja, mipigo minne, yenye namba ya usajili GOV 132. Kiwandani ilitoka nzito zaidi. Yeye aliikata, akaitoboa, akatoa chuma na kuweka alumini na faibaglasi, mpaka ikafika takriban kilo 111. Huo ni uzito unaokaribia wa bodaboda ya leo. Mwishoni mwa mwaka huo huo akaenda karibu na Barcelona, kwenye kiwanda cha Bultaco alichokianzisha Francisco Bultó mwaka 1958, akawasaidia kutengeneza Sherpa T ya cc 244, mipigo miwili. Uzito wake ulikuwa kama kilo 92. Mei 1965 alishinda nayo Siku Sita za Scotland, ikawa mara ya kwanza kwa pikipiki isiyo ya Kiingereza. Viwanda vya Uingereza havikurudia tena enzi zao katika mchezo uliobuniwa kwao: BSA ilishinda 1966, Greeves ikashinda 1969, na baada ya hapo hakuna pikipiki ya Kiingereza iliyoshinda tena mashindano hayo katika karne ile.

Pikipiki za leo, Beta ya Italia, au Montesa, TRS, GasGas na Vertigo za Hispania, ziko kati ya kilo 66 na 74. Tuseme 68. Toka Ariel ya Miller hadi hapo zimetoka kilo 43. Fikiria mfuko wa saruji wa kilo 50 uliomwagika kidogo: huo ndio uzito ulioondolewa katika miaka 60.

Sasa ulinganishe uzito huo na wa mtu. Mpanda pikipiki wa kilo 75 juu ya Ariel ile anabebwa na chombo kinachomzidi karibu mara moja na nusu. Juu ya Sherpa T pikipiki bado inamzidi, lakini kwa kilo 17 tu. Juu ya ya kisasa mambo yamegeuka: mtu ndiye mzito, pikipiki ni nyepesi kwa kilo 7. Kwa maoni yangu namba hiyo ya mwisho inaeleza mchezo wa leo kuliko nguvu ya injini au jina la kiwanda. Chombo kikiwa chepesi kuliko wewe, unaweza kukirusha kando kwa nyonga na mabega, ukakisimamisha juu ya gurudumu la nyuma, ukakipandisha kwenye jiwe lenye kimo cha kifua. Toni Bou wa Hispania ameshinda ubingwa wa dunia kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2024, wa nje na wa ukumbini, mataji 36 bila kukatika, na kila taji limejengwa juu ya uwezo huo wa mwili kukiamrisha chuma. Mwenye Ariel au Sherpa hawezi kurukaruka. Anashuka, anatembea kipande chote kwa miguu, anaisoma njia jiwe kwa jiwe, kisha anaifuata kama alivyoisoma. Akikosea sentimita 10 mlangoni, hana namna ya kurekebisha katikati.

Kupunguza uzito kuna bei. Pikipiki mpya ya traiali nchini Uingereza inauzwa kati ya pauni 6,000 na 9,000 hivi. Ukitoka kwenye toleo la kawaida kwenda toleo la juu la kiwanda kile kile, unaongeza pauni elfu moja au mbili na unapata shokapu bora, foku laini zaidi na upungufu wa kilo moja, ikizidi mbili. Kwa bingwa kilo moja ina maana. Kwa mtu wa Jumapili, pesa ile ile inalipia viingilio vya miaka miwili au zaidi, na viingilio hivyo vitamfunza mengi kuliko kilo iliyotolewa.

Nitachukua bei ya kati, pauni 7,000. Kwa shilingi za Kenya ni milioni 1 na laki 1 na elfu 90. Shemeji aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa pesa hiyo angeweka barabarani bodaboda tano mpya na bado angebaki na akiba. Ni kweli. Na tano hizo zingerudisha pesa, hii hairudishi.

Baada ya bei ya kununua, watu wengi hudhani mzigo unaofuata ni petroli. Tangi la pikipiki hizi lina lita 2 hadi 3 tu, na siku nzima ya klabu inamaliza kama lita 4. Kwa Jumapili 20 ni lita 80, na kwa pauni 1.40 kwa lita ni pauni 112. Lakini pikipiki haifiki mashindanoni yenyewe. Uwanja ukiwa kilomita 80 kutoka nyumbani, gari linatembea kilomita 160 kwenda na kurudi, kilomita 3,200 kwa mwaka. Kwa gari la mizigo linalokula lita 10 kwa kila kilomita 100, hizo ni lita 320 za dizeli, mara nne ya petroli ya pikipiki yenyewe. Kwa pauni 1.45 kwa lita zinafika 464. Anayetaka kupunguza gharama asihangaike na kabureta, atafute mwenzake wa kijiji kile kile wapakie pikipiki mbili kwenye gari moja. Hapo anaokoa pauni 232 kabla hajashika spana.

Oili ya kuchanganya ni kitu kidogo kwa pesa na kikubwa kwa injini. Injini za kisasa za mipigo miwili zinatumia uwiano wa 70 kwa 1 hivi: lita 5 za petroli, mililita 71 za oili. Sherpa ilipotoka kiwandani oili za wakati ule zilidai uwiano mzito wa 25 kwa 1, mililita 200 kwa lita zile zile 5, na ndiyo maana picha za zamani zina moshi mwingi. Kwa oili za leo wengi wanaziendesha pikipiki za zamani kwa 40 kwa 1, na hesabu inakuwa mililita 125. Ukichanganya kwa kukisia na kifuniko cha chupa unaweza kukosea mililita 50 bila kujua. Nunua bomba la sindano lenye mistari ya vipimo. Ni senti chache.

Kisha matairi, na hapa nitakaa, kwa sababu mchezo wote umesimama juu ya tairi la nyuma.

Pikipiki ya barabarani inajazwa upepo wa 30 hivi, kwa paundi za gereji. Tairi la nyuma la traiali linajazwa upepo wa 4 hadi 5, la mbele 5 hadi 7. Mtu akiligusa mara ya kwanza hudhani limetoboka. Fanya hesabu rahisi: mpanda pikipiki na pikipiki yake pamoja ni kilo 143, na tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 80. Kwa upepo wa 30, na tukiacha ugumu wa ngozi ya tairi, eneo linaloshika ardhi ni kama sentimita za mraba 38. Kadi ya benki ni 46. Kwa upepo wa 4.5 eneo linafika kama 250, kadi tano na zaidi. Mpira laini unalala juu ya jiwe na kulikumbatia, na jiwe lenye maji linashikika. Ongeza paundi moja tu, utoke 4.5 hadi 5.5, na umepoteza karibu asilimia 18 ya eneo lile. Ndiyo maana geji ya gereji inayosoma hadi 100 haina kazi hapa. Sindano yake haiwezi kuonyesha tofauti ya 4 na 5, na tofauti hiyo ndiyo alama zako za siku. Geji ndogo inayoishia 15 ni ya lazima, kwa pikipiki ya zamani na ya leo.

Tairi laini hivyo halidumu. Kingo za vitalu vyake zinapaswa kuwa kali, zikiviringika linaanza kuteleza hata kama mpira bado ni mwingi. Tairi la nyuma ni kama pauni 120, na anayeshiriki mara 20 atamaliza mawili kwa mwaka. La mbele, kama pauni 80, linakwenda miaka miwili. Jumla ya mwaka ni 280, zaidi ya mara mbili ya petroli. Habari njema ni kwamba vipimo havijabadilika sana: inchi 18 nyuma na 21 mbele, na tairi linalofaa Beta mpya lina ndugu yake wa tyubu anayefaa Sherpa ya 1975.

Sasa tukusanye mwaka mzima wa pikipiki mpya. Viingilio kwa pauni 20 kila Jumapili ni 400. Petroli na oili ya kuchanganya, 127. Matairi, 280. Oili ya giaboksi, filta, grisi, plagi, cheni, sproketi, pedi za breki, beringi na leva zinazovunjika, naviweka pamoja pauni 255. Jumla ya hivyo ni 1,062. Ongeza dizeli ya gari, 464, tunafika 1,526. Halafu kuna gharama isiyotoka mfukoni mpaka siku ya kuuza: pikipiki ya pauni 7,000 inashuka thamani, na makadirio yangu kwa miaka ya mwanzo ni pauni 1,000 kwa mwaka. Jumla kuu ni 2,526. Gawanya kwa 20, kila Jumapili ni pauni 126, zaidi ya shilingi 21,000 za Kenya. Gawanya kwa zile saa 13 na dakika 20, kila saa ya kuwa ndani ya kipande inagharimu karibu pauni 190. Sijaweka kofia ngumu wala buti, maana mtu huvinunua mara moja na kuvitumia miaka mingi.

Angalia hesabu hiyo imeegemea wapi. Dizeli na kushuka thamani peke yake ni 1,464, asilimia 58 ya yote. Petroli na oili ya kuchanganya ni asilimia 5. Chombo chenyewe kikiwa kazini hakili sana. Injini haizungushwi kwa kasi, hakuna safari ndefu, na pistoni inaweza kukaa miaka bila kuguswa. Linaloua pikipiki ya kisasa ni uchafu. Maji ya presha kubwa yakielekezwa kwenye beringi za mkono wa nyuma yanaondoa grisi na kuacha mchanga, na ndani ya msimu mmoja beringi zinalia. Filta ya hewa, ile ambayo mafundi wa kwetu huiita eya klina, inaoshwa kila baada ya mashindano yenye matope. Oili ya giaboksi ni kama nusu lita tu, na hiyo nusu lita inapoza klachi ambayo mpanda pikipiki anaishika na kuiachia mamia ya mara kwa siku kwa kidole kimoja. Oili ndogo namna hiyo inachoka upesi. Mimi huibadilisha kila baada ya mashindano matano. Kazi yote hii, kuosha, kupaka, kukaza na kukagua, inachukua kama saa 2 kwa kila Jumapili. Saa 40 kwa mwaka.

Upande wa pili wa gereji kuna pikipiki ya zamani, na hapa neno hilo lina ngazi zake. Kuna zile za kabla ya 1965, Ariel, BSA, Triumph, ambazo zina mashindano yao maalumu Kinlochleven, Scotland, siku chache kabla ya Siku Sita. Kuna zile za shokapu mbili za nyuma, ambazo zilitawala miaka ya 1960 na 1970: Bultaco, Montesa Cota, Ossa, Yamaha TY, Honda TL. Baadaye zikaja za shokapu moja, katikati ya miaka ya 1980, zilizozisukuma za shokapu mbili nje ya ubingwa. Nitachukua kundi la kati, kwa kuwa spea zake zinapatikana. Kiwanda cha Bultaco kilifungwa mapema miaka ya 1980, lakini pistoni, sili, nyaya na hata tangi vinatengenezwa upya na watu wanaozipenda.

Bei ya kununua ya shokapu mbili inayotembea ni kama pauni 3,000. Haishuki sana thamani, na kushuka kwake nitakuweka sifuri. Inachohitaji ni kufufuliwa. Boringi na pistoni mpya, 180. Kranki kufunguliwa na kutiwa koneti rodi mpya, 250. Beringi na sili za injini, 80. Mirija ya foku kupakwa kromu upya, 150. Shokapu mbili, 150. Spoki na kusukwa kwa magurudumu, 200. Mfumo wa umeme wa kisasa badala ya ule wa kontaki pointi, 200. Sahani za klachi, 80. Jumla ni pauni 1,290. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa inakaa miaka mitano, kwa hiyo kwa mwaka ni 258. Matumizi mengine hayatofautiani sana na ya mpya: 1,526. Jumla ni 1,784, na kila Jumapili ni pauni 89. Dhidi ya 126 za pikipiki mpya, umeokoa pauni 742 kwa mwaka.

Kwenye silinda ya zamani kuna faida ambayo mafundi wa bodaboda wataielewa mara moja. Ina sleevu ya chuma, na ikilika unaipeleka kuchongwa, unaongeza kipimo cha pistoni kwa robo milimita, unaendelea. Unaweza kurudia mara kadhaa kabla ya kubadilisha sleevu. Silinda ya kisasa imepakwa ndani utando mgumu mwembamba. Haichongwi. Ikikwaruzwa inatumwa kupakwa upya au inanunuliwa nyingine.

Lakini pikipiki ya zamani hudai kitu ambacho karatasi ya pauni haikionyeshi: mikono. Breki za ngoma zinajaa maji kila mtoni na zinahitaji kufunguliwa na kukaushwa. Nyaya za klachi na breki zinapakwa mafuta, au zinakatika. Nati zinalegea kwa mtetemo, na ukiwa na ya Kiingereza unahitaji seti ya pili ya spana, kwa kuwa vipimo vyake vya Whitworth havikubali spana za milimita. Gia ya pikipiki hizo za Kiingereza iko mguu wa kulia na breki kushoto, na anayetoka kwenye ya kisasa hukanyaga kisicho chake wakati ule ule asiotaka. Mimi nahesabu saa 4 za kazi kwa kila Jumapili, 80 kwa mwaka, na ule ufufuaji wa saa 60 ukigawanywa kwa miaka mitano unaongeza 12. Jumla ni saa 92. Kwa saa 13 za kuendesha, unafanya kazi gereji mara saba ya muda huo. Kwa ya kisasa ni mara tatu.

Tofauti ni saa 52. Ulichookoa ni pauni 742. Gawanya: kila saa ya ziada uliyopiga magoti sakafuni imekulipa pauni 14 na senti kidogo. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa hiyo pikipiki ya zamani inakuajiri kwa malipo yanayozidi kidogo kima cha chini, na kwa mtu anayeipenda kazi hiyo ni mshahara mzuri kabisa.

Ila sharti moja likivunjika, hesabu yote inapinduka. Gereji ya kukodi haidai pauni 14 kwa saa. Inadai 50 au zaidi. Zile saa 52 zikifanywa na fundi mwingine ni pauni 2,600, na mwaka wa pikipiki ya zamani unapanda hadi 4,384. Umeipita mpya kwa karibu pauni 1,900, na bado unaendesha chombo kizito kwa kilo 24. Namna nyingine ya kuivunja hesabu ni kuwa na mikono yenye haraka. Pikipiki yangu ya kwanza ya shokapu mbili niliinunua kwa muuzaji aliyeniapia kwamba injini ilikuwa imefanyiwa kazi yote. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Sili ya kranki upande wa umeme ilikuwa ile ile ya zamani, imekauka kama ganda. Ilivuta hewa, mchanganyiko ukapungua mafuta, injini ikaanza kupanda resi yenyewe, na Jumapili ya tatu pistoni ikashikana na silinda katikati ya kijito. Sili ile ingenigharimu pauni 12. Boringi na pistoni vilinigharimu 180. Tangu siku hiyo nikinunua injini ya mipigo miwili yenye umri wa miaka 40 au 50, naweka pauni 80 za beringi na sili kando kabla sijaiwasha, hata muuzaji aape kwa msahafu.

Za umeme nitazigusia tu. Shirikisho la pikipiki la dunia liliwahi kuziandalia kombe lao, na kwa watoto zimefanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa hazina kelele wala kiki ya kupiga. Kwa mtu mzima wa klabu bado bei yake ya kuanzia iko juu mno kwa hesabu ninayoifanya hapa.

Iko njia ya tatu ambayo wageni wa mchezo huu huipita bila kuiona. Pikipiki ya kisasa iliyokwisha tumika miaka mitatu au minne inapatikana kwa kama pauni 4,000. Kushuka thamani kwake nakuweka 500 kwa mwaka. Ongeza pauni 100 za beringi na sili ambazo mmiliki wa kwanza hakuzigusa. Pamoja na 1,526 za matumizi, jumla ni 2,126, yaani pauni 106 kwa Jumapili, na saa zako za kazi zinabaki zile zile 40. Unalipa pauni 17 zaidi kwa kila Jumapili kuliko mwenye Sherpa, na unarudishiwa saa 52 za gereji kwa mwaka.

Hukumu yangu, basi. Kama wewe ni fundi, au una hamu ya kweli ya kuwa fundi, nunua ya shokapu mbili ambayo spea zake bado zinatengenezwa, na uanze na sili. Kama huwezi kutenga saa 92 kwa mwaka, usiinunue hata kama bei yake inakuvuta. Tafuta ya kisasa yenye miaka mitatu, mwambie mwenye nayo aitoe mkono wa nyuma uone beringi kwa macho yako, na zile pauni 3,000 ulizookoa kwa kutonunua mpya zikulipie viingilio vya miaka saba na nusu. Vyovyote utakavyochagua, geji ya upepo inayoishia 15 iwe mfukoni mwako kabla ya Jumapili ya kwanza.